Baraza la Kata Limerudi Kuwa Kibaraza

Mwaka 2021 Bunge letu lilitunga sheria mbili ambazo sisi watu wa lugha tulipaswa kuzisoma pamoja. Moja tuliisoma, tukaishangilia, tukaiandikia makala na kutumiana kwenye makundi ya WhatsApp. Ya pili tuliiacha ipite kama daladala iliyojaa. Nataka kuirudia hiyo ya pili, maana huku Goba ninakoishi ndiyo iliyogusa maisha ya watu, na ile ya kwanza bado wengi wanaisikia redioni tu.

Nianze na tuliyoishangilia. Tarehe 1 Februari 2021, Siku ya Sheria, Rais Magufuli alimsifu hadharani pale Dodoma Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, akampandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huohuo Bunge likapitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu na lugha ya mahakama na mabaraza yanayotoa haki, Kiingereza kikabakizwa kwa masharti. Ilikuwa sherehe, na ilistahili kuwa sherehe. Nchi ambayo mtu anafungwa kwa lugha asiyoielewa ina deni kwa watu wake.

Miezi minane baadaye, Oktoba, ikaanza kutumika Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali (Na. 3) ya mwaka 2021. Jina lake lenyewe linasinzisha. Ndani yake kulikuwa na vifungu vichache vilivyogusa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, na vifungu hivyo vililiondolea Baraza la Kata mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi. Tangu hapo kazi yake ni kusuluhisha. Mkielewana, vizuri. Msipoelewana, baraza linatoa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, na mwenye lalamiko anakwenda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 bila suluhu, anaweza kwenda wilayani hata bila hicho cheti.

Sasa weka sheria hizi mbili pamoja uone. Katika ngazi zote zilizoshughulikia migogoro ya ardhi ya mjini, Baraza la Kata ndilo pekee lililokuwa la Kiswahili kitupu tangu siku ya kwanza. Mahakama ya Mwanzo nayo ni ya Kiswahili, lakini haina mamlaka juu ya kesi za ardhi. Baraza la Wilaya lilikuwa na ruhusa ya kuendesha shauri kwa Kiswahili au Kiingereza, mwenyekiti achague, ila kumbukumbu na hukumu ziandikwe kwa Kiingereza. Yaani watu walizozana kwa Kiswahili, wakatoa ushahidi kwa Kiswahili, kisha wakapewa karatasi ya Kiingereza kuambiwa nani kashinda. Mwaka uleule ambao serikali iliamua kumaliza aibu hiyo, ilikinyang'anya uamuzi chombo ambacho hakikuwahi kuwa na aibu hiyo. Lugha ilipandishwa cheo, wasemaji wake wakateremshwa. Halafu tukapiga makofi mara moja tu, kwa ile ya kwanza, na hatukuuliza kitu.

Kuna watakaosema hii ni habari ya wanasheria, inatafuta nini kwenye ukurasa wa fasihi. Hebu tulitazame neno lenyewe. Baraza, kabla halijawa chombo cha serikali, ni lile benchi la udongo au la mawe mbele ya nyumba ya Mswahili, mahali pa kukaa jioni, kupokea wageni, kunywa kahawa, kuamua ugomvi. Neno likapanda likawa mkutano, likapanda tena likawa Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi, Baraza la Kiswahili la Taifa. Kila lilipopanda lilibeba maana moja: watu waliokaa pamoja, na neno lao lina uzito. Ukiondoa uzito wa neno, kinachobaki ni mahali pa kukaa. Baraza la Kata limerudi kuwa kibaraza. Unakwenda, unakaa, unasikilizwa, unaondoka.

Ili mtu aone kwa nini jambo hili linauma hapa kwetu kuliko Oysterbay, lazima aijue Goba. Goba ilikuwa mashamba. Mikorosho, miembe, minazi michache, mihogo. Ilikuwa ndani ya Kinondoni, siku hizi iko Wilaya ya Ubungo, na barabara za lami zilipofika kutoka Mbezi, Makongo na Madale, mashamba yakaanza kukatwakatwa vipande. Mwenye shamba alimuuzia mtu robo eka, huyo akauza nusu yake, aliyenunua nusu akauza kipande kwa binamu yake. Mauziano yakaandikwa kwenye karatasi, yakashuhudiwa na ndugu wa pande zote mbili, yakagongwa mhuri wa serikali ya mtaa. Kipimo kilikuwa hatua za miguu. Mpaka ulikuwa mstari wa minyaa, au mwembe, au "hapo kwenye kichuguu". Upimaji na bikoni vilikuja baadaye, sehemu nyingine bado. Kuanzia Kinzudi hadi Kulangwa na Matosa, ukichimba chini ya nyumba nyingi nzuri zenye geti la chuma na kamera, utakuta karatasi hiyo moja ya mauziano na minyaa iliyong'olewa.

Kwenye mazingira hayo, ushahidi wa mpaka haupo masjala. Upo kwenye vichwa vya watu. Anayejua minyaa ilipita wapi ni mama aliyekuwa akilima mihogo upande wa pili. Anayejua kwamba ile njia ya miguu ilikuwepo kabla ya nyumba zote ni mzee aliyekuwa akiipita kwenda kisimani. Sheria ilililia hilo maanani ilipolipa Baraza la Kata wajumbe kuanzia wanne hadi wanane, watatu kati yao wanawake, wakazi wa hapohapo. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia. Ulizungumza mwenyewe, kwa maneno yako, mbele ya watu wanaopajua mahali unapopazungumzia. Usiporidhika, ulikuwa na siku 45 za kukata rufaa wilayani.

Sisemi ilikuwa pepo. Nitafika huko. Kwanza tuone kilichobadilika kwa mtu wa kawaida.

Tuseme una kiwanja ulichonunua miaka kumi na tano iliyopita. Jirani mpya amenunua upande wa pili, ana haraka na ana fedha. Asubuhi moja unakuta gari limemwaga tofali na fundi ameshachimba msingi wa ukuta, mita moja na nusu ndani ya eneo lako. Unaongea naye kwa upole, anakwambia ongea na aliyeniuzia. Unakwenda kwa mjumbe, mjumbe anakupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti anaandika barua, unafika Baraza la Kata. Zamani, jirani aliyepata wito wa baraza alijua kuna siku uamuzi utatoka, aje asije, na asipokuja utatoka bila yeye. Kwa hiyo alikuja. Akija, mara nyingi mlimalizana kabla hata uamuzi haujaandikwa, maana kila mmoja aliona unakoelekea.

Leo jirani huyo akipata wito anapiga hesabu tofauti. Asipokuja, hakuna kitu. Akija akakataa kila pendekezo, hakuna kitu. Anachohitaji ni kungoja siku 30 zipite, na siku 30 kwa fundi wa Goba ni muda wa kutosha kumaliza ukuta, kuupiga lipu na kuweka geti. Ukifika wilayani, ukuta umesimama. Sasa wewe ndiye unayeomba ubomolewe, na kuomba ukuta ubomolewe ni kazi nyingine kabisa, tofauti na kuomba usijengwe. Utaandika maombi, utalipia, utapangiwa tarehe, tarehe itaahirishwa. Mwenzio atakuja na wakili, maana kule wakili anaruhusiwa. Utatafuta wakili na wewe. Ukikokotoa nauli, siku za kazi ulizopoteza na malipo ya wakili, utagundua mita moja na nusu imekugharimu kuliko inavyouzwa. Hapo mtu anakata tamaa. "Mwachie Mungu," wanakwambia nyumbani. Basi jirani amepata ardhi kwa kuvumilia siku 30 tu.

Hilo ndilo kosa kubwa la marekebisho yale, na nalisema bila kumung'unya. Usuluhishi usio na uamuzi nyuma yake ni zawadi kwa mwenye nguvu. Watu husuluhishwa vizuri wanapojua kwamba wasipoelewana, mtu wa tatu ataamua, tena hapahapa na karibuni. Ukiondoa hiyo "tena hapahapa na karibuni", aliyeshika kipande cha ardhi hana sababu ya kukubali chochote. Anayepoteza kwa kuchelewa ni yule aliyeporwa. Aliyepora anachelewa kwa raha zake.

Sasa wenye hoja ya upande wa pili, na hoja zao si za kupuuza.

Wanasema wajumbe wa kata hawakuwa na elimu ya sheria. Kweli. Wanasema kulikuwa na rushwa, shikamoo ya bahasha. Kweli, na kila mtu wa mjini ana kisa chake. Wanasema mashauri mengi yaliyoamuliwa kata yalifutwa kwenye rufaa kwa kasoro za wazi: akidi haikutimia, majina ya wajumbe hayakuandikwa, haikuonyeshwa wanawake walikuwa wangapi, thamani ya kiwanja ilizidi kiwango. Na hili ni kweli. Watu walizunguka miaka mitano, wakafika Mahakama Kuu, wakaambiwa rudini mwanzo, baraza lenu halikukaa sawasawa. Ni mateso.

Lakini tazama kasoro hizo ni za namna gani. Nyingi ni za kuandika. Nani alikuwepo, alikuwa mwanamke au mwanamume, alisema nini, alitoa maoni gani. Hizo zinatibiwa kwa daftari lenye safu zilizochorwa, fomu moja ya Kiswahili chepesi, na wiki mbili za mafunzo kwa katibu. Nchi hii inaendesha sensa kwa kutumia vijana waliofundishwa kwa muda mfupi. Ilishindwa kumfundisha katibu wa kata kuandika majina manane?

Kuhusu thamani, sheria ya 2002 ililipa Baraza la Kata mamlaka juu ya mali isiyozidi shilingi milioni tatu. Kiwango hicho hakikuguswa hadi mamlaka yenyewe yalipoondolewa. Upande wa Baraza la Wilaya kiwango kilipandishwa, leo linasikiliza madai ya ardhi ya mamia ya mamilioni. Kwa hiyo bei za ardhi zilipaa, Goba ikawa mahali ambapo milioni tatu hainunui hata kona ya kuegesha bajaji, na baraza likawa linavunja sheria kila likifungua mdomo. Kisha likashtakiwa kwa kuvuka mipaka. Ni sawa na kumvisha mtoto wa darasa la saba sare ya chekechea, halafu kumfukuza shule kwa sababu amechana nguo.

Na rushwa? Wajumbe hao hawakuwa na mshahara. Posho ilitegemea halmashauri ikumbuke, na mara nyingi haikukumbuka, kwa hiyo waliishi kwa ada za walalamikaji. Chombo cha haki kinacholishwa na wagomvi kitaoza, kiwe cha kata au cha juu zaidi. Dawa yake ni kukilipa na kukikagua. Rushwa haikuondoka na mamlaka. Imepanda daladala ikaenda ngazi nyingine ambako bei ni kubwa zaidi na mimi mkazi siwajui wahusika hata kwa sura.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wa vitabu hatuna udhuru wa kulisahau. Miaka 30 kabla ya haya, mwaka 1991, Rais Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, mwenyekiti akiwa Profesa Issa Shivji. Tume ilizunguka nchi nzima, ikasikiliza wananchi kwenye mikutano ya hadhara, ikarudi na pendekezo kwamba haki ya ardhi ianzie chini, kwenye kile ilichokiita Baraza la Wazee la Ardhi, wazee waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, wenye uwezo wa kuamua. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza, lakini jina la chombo hicho liliachwa kwa Kiswahili, kana kwamba wajumbe wa Tume walijua kuna vitu ukivitafsiri vinakufa. Serikali ilichukua machache na kuacha mengi. Sheria za ardhi za 1999 na ile ya mahakama za ardhi ya 2002 zilibakiza kivuli cha wazo hilo: Baraza la Kijiji la kusuluhisha, Baraza la Kata la kuamua. Marekebisho ya 2021 yamekimaliza kivuli chenyewe. Ngazi mbili za chini kabisa, zilizo karibu na watu kuliko zote, hazina uamuzi juu ya ardhi tena.

Ninachodai si kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Nadai mambo manne, na yote yanawezekana kwa marekebisho mafupi kama yale yaliyotufikisha hapa.

Kwanza, Baraza la Kata lirudishiwe uamuzi kwenye migogoro ya mipaka, njia na maji ya mvua kati ya majirani. Migogoro ya nani mmiliki wa kiwanja kizima iende wilayani, sawa. Lakini mita moja ya minyaa iamuliwe na wanaoijua minyaa.

Pili, lipewe uwezo wa kusimamisha ujenzi wakati usuluhishi unaendelea, hata kwa hizo siku 30 tu. Zuio la siku 30 halimuui mtu. Ukuta uliojengwa kwa pupa unaua ujirani wa miaka 40.

Tatu, kiwango cha thamani kisiandikwe tena kwa shilingi ndani ya sheria ikaachwa humo kwa miaka 19. Kiwekwe kwenye kanuni, waziri akipitie kila baada ya miaka michache.

Nne, wajumbe walipwe na halmashauri, wafundishwe, na kumbukumbu zao ziandikwe kwa Kiswahili kwenye fomu ambayo mama wa Kunguru au Matosa anaweza kuisoma mwenyewe na kusema, "Hapana, hili sikulisema."

Machi 2025 Rais Samia alizindua Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, toleo la 2023. Sera mpya hufuatwa na sheria mpya, na sheria mpya hufuatwa na kanuni. Dirisha liko wazi. Wenye fedha, madalali wakubwa na mabenki wana watu wao wa kwenda kutoa maoni, tena wenye tai. Mtu wa mita moja na nusu hana mtu.

Hapo ndipo tunapoingia sisi. Kezilahabi alipoandika Gamba la Nyoka mwaka 1979, watu walikuwa wametoka kuhamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, na riwaya ikaingia kwenye hilo moja kwa moja. Fasihi yetu haikuogopa ardhi wakati huo. Leo tunabishana mtandaoni kama "kipakatalishi" ni neno zuri, tunafurahi Kiswahili kikipata siku yake ya dunia kila Julai 7, na wakati huohuo mabadiliko yanayoamua nani atalala wapi yanapita kwenye vifungu tusivyovisoma. Mpenda lugha asiyesoma sheria anapenda nusu ya lugha. Nusu nyingine ndiyo inayobomoa nyumba.

Kwa hiyo isome ile ya pili. Sasa ipo. Isome kifungu kwa kifungu, uulize kila kitenzi nani anatenda na nani anatendwa. Utaona kwamba Baraza la Kata "linasuluhisha", "linatoa cheti", na haliamui lolote. Kisha jiulize kama hicho ndicho Kiswahili ulichokipigia makofi Februari ile.